Nyamanza Haijakula kwa Hilaire

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa tatu, 1954

Leo nimeanza hii kaye, hili daftari. Nimeichukua kule hangari ya bireti, yale maua meupe ya pareto, ambako mimi, Hilaire, niko karani wa kupima. Ilikuwa kaye ya kuandika kilo. Lakini kilo haziniletei muke. Kaye italeta.

Mambo iko hivi. Jana nilienda kwa Papa Karangwa, baba ya Emérita, kusema neno langu. Nilivaa kaputula ya kaki na soksi ndefu. Nilisema vizuri sana, hata mimi mwenyewe machozi yalinitoka. Papa Karangwa alinisikiliza hadi mwisho, akavuta kiko chake, akauliza kama nyamanza imekwisha kula kwenye kiwanja changu.

Nyamanza! Mimi ni muntu wa Kashebere, kule porini, ambako ndege ni kitu cha kupika mu chungu. Nyamanza ni kale kandege keusi na keupe, kanatembea chini mbiombio na kutikisa mukia. Hapa Masisi watu wa milima hawaiui, hawaifukuzi. Wanasema nyumba mupya ambayo nyamanza haijakula mbele yake bado haijawa nyumba. Nilimwambia Papa Karangwa kwamba sisi wote ni Wakristo. Alijibu kwamba yeye alibatizwa wakati mimi sijazaliwa, na nyamanza haikumukataza.

Kisha akasema, ninaandika neno kwa neno:

"Mutoto wangu hataingia mu nyumba yenye nyamanza haijakula. Kupita juu, hapana. Kusimama tu, hapana. Ikule. Na usiiite."

Mambo ya ngombe za mahari, alisema, tutayazungumza nyuma. Ndege kwanza.

Na nyamanza ziko wapi? Kwa Evode! Evode ni jirani yangu, ua mumoja tu wa miti katikati yetu. Iko na ngombe mbili, iko na mama yake, Mama Thacienne, iko na miguu mirefu, na hana muke. Nyamanza mbili, mume na muke, zinakula kwake asubuhi hadi magharibi. Kwangu, hata moja! Na yeye ananitazama juu ya ua na kucheka kwa meno yote. Niko na hakika: naye anamutaka Emérita. Basi, mashindano. Yeye iko na ngombe. Mimi niko na akili.

Jumanne, tarehe 2

Nimeamka mbele ya jogoo. Nimekaa nyuma ya ua na kaye na penseli. Nimeona haya:

Saa kumi na mbili na nusu. Mume ameshuka kutoka kwenye paa la Evode. Amekula inzi tisa kwenye mavi ya ngombe. Nimezihesabu.

Saa moja. Muke amekula mududu mwenye mabawa marefu. Amemupiga chini mara tatu kwanza.

Saa moja na robo. Nyamanza ingine, mugeni, imefika kutoka upande wa muto. Vita! Mume ameifukuza hadi barabarani, amerudi, ameimba juu ya paa. Muke hakuacha kula.

Saa mbili kasoro. Mume ametembea hadi kwenye ua, pale majani yangu yanapoanza. Amesimama. Ametazama majani. Amegeuka, amerudi. Mara sita! Mara sita amefika palepale, mara sita amerudi.

Kwa hiyo pale njo mupaka wa ufalme wake. Nimechomeka vijiti kumi na viwili ili usinipotee. Upande wa Evode, udongo mutupu, Mama Thacienne anaufagia kila siku. Upande wangu, majani hadi magoti, mazuri, ya kijani. Kwa nini ndege inaogopa kuvuka? Lazima Evode ametia dawa pale. Muntu mwenye akili hawezi kuona sababu ingine.

Nimechelewa kazini. Nimesema niko mugonjwa wa moyo. Si uongo.

Ijumaa, tarehe 5

Kwetu Kashebere, kama ndege haitaki kuja, unaisaidia. Nilipika ulimbo, utomvu wa muti unaonata, kama baba yangu alivyonifundisha. Niliupaka kwenye vijiti, nikavichomeka upande wa Evode karibu na mavi. Shauri langu lilikuwa safi kabisa. Nyamanza inanasa, ninaipeleka kwangu, ninaifunga muguu kwa kauzi kadogo, inakula, Papa Karangwa anaona. Nani angeuliza mambo ya uzi?

Kilichonasa kwanza: jogoo wa Mama Thacienne. Kilichonasa cha pili: mimi, katika kumutoa jogoo. Ole wangu! Yule jogoo iko na sauti ya padri. Mama Thacienne alitoka na fagio, akatukuta tumeshikana, mimi na jogoo, na kijiti kimekwama kwenye nywele zangu. Nilimwambia jogoo alikuwa mugonjwa na nilikuwa ninamutunza. Alitazama vijiti. Alitazama nyamanza juu ya paa. Akaelewa.

Hakunipiga. Ingekuwa heri anipige. Aliuliza polepole kama mama yangu angali hai, na kama anajua mutoto wake anatega nyamanza.

Evode njo alinikata nywele, maana ulimbo haukutoka. Alikata vizuri, lazima niseme ukweli. Katikati ya kukata aliuliza kama ndugu zangu wa Kashebere watakuja kunitembelea tena kama siku za Noeli. Mujanja! Anataka kujua kama niko na watu wa kunipigania.

Siku ya Mungu, tarehe 7

Parokia nzima inajua. Wakati wa mahubiri watu walitazama kichwa changu kuliko altare.

Emérita alikuwa nje ya kanisa baada ya misa. Alipoona nywele zangu alikaa chini kwenye majani na kushika tumbo. Alicheka hadi kitambaa chake kikaanguka. Nilitaka kukasirika lakini sikuweza. Emérita akicheka, pua yake inakunjamana, na mimi ninasahau nilikuwa ninasema nini. Ninamupenda. Ninaandika wazi, kaye ni yangu.

Alisema wamekwisha kuja wanaume wawili kwa baba yake, na hakuna hata mumoja aliyenaswa pamoja na jogoo kwa ajili yake. Kwa hiyo anataka nishinde. Lakini baba yake amemukataza kunisaidia. Akaniambia tu nitazame vizuri mahali nyamanza inapokanyaga. Nilimweleza kwamba ninatazama kile inachokula, maana sharti ni kula, si kukanyaga. Alinitazama muda murefu. Nafikiri alishangazwa na akili yangu.

Jumatano, tarehe 10

Nimepata! Nyamanza inafuata inzi. Inzi zinafuata mavi. Basi nilete mavi!

Nilimuomba Evode mavi ya ngombe zake, nikamudanganya ni ya shamba. Alinipa kwa furaha. Hata alibeba kikapu kimoja yeye mwenyewe, akanitupia juu ya ua. Sijui anataka nini. Nilimwaga vikapu saba kiwanjani. Mavi yote yalizama kwenye majani, hayaonekani tena, lakini inzi zinayaona. Zimekuja elfu! Siwezi kula maharagwe bila kufunga mulango. Sijawahi kufurahi hivi kwa sababu ya inzi.

Mume wa nyamanza amefika mupakani mara ine. Amesikiliza inzi zangu. Amerudi kwake. Dawa ya Evode iko na nguvu sana.

Jumamosi, tarehe 13

Leo ninaandika kwa aibu.

Asubuhi nilisikia kwamba Emérita atapita kwa Mama Thacienne kuchukua maziwa. Na kiwanja changu kinanuka! Nilikimbia hangarini, nikaomba gunia la bireti iliyovunjikavunjika, ile ambayo haipimwi. Niliimwaga yote juu ya mavi na majani. Kiwanja kilikuwa cheupe kama njia ya Sakramenti siku ya kumwaga maua. Emérita alipita, akasema ni kuzuri. Nilisimama mulangoni mikono nyuma, kama muntu ambaye kiwanja chake kinakuwa hivi kila siku.

Magharibi niliona kuna kimya. Nilitafuta inzi. Zote zilikuwa chini, miguu juu.

Bireti! Wazungu wanainunua kwa kazi moja tu, kuua wadudu. Kila siku ninaandika kwenye magunia ni ya kazi gani. Mimi! Karani wa bireti, miaka mitatu! Nilihesabu inzi maiti hadi mia mbili na kumi na mbili, nikaacha kwa sababu ya huzuni. Kuku yangu peke yake imepata faida: haina chawa tena.

Alhamisi, tarehe 18

Siku tano za mvua. Nimefikiri sana, na leo nimeamka na shauri ambalo hata gavana hangelipata.

Soma tarehe 2. Mume akiona nyamanza mugeni, anaenda kupigana naye popote. Basi nikiwa na mugeni kwangu, mume atavuka mupaka. Mugeni nitamutoa wapi? Kwenye kioo changu cha kunyolea! Nilikifunga juu ya muti, katikati ya kiwanja.

Hakukupita dakika kumi. Alikuja! Alivuka vijiti vyote kumi na viwili, akapiga kioo kwa mudomo, akapiga kwa mabawa, akazunguka nyuma kumutafuta yule mwenzake, akarudi, akapiga tena. Asubuhi yote! Nyamanza kwangu! Nilicheza peke yangu ndani ya nyumba.

Kuna kasoro ndogo mbili. Hali kitu. Na siwezi kunyoa, maana kioo kimejaa mavi ya ndege.

Jumatatu, tarehe 22

Papa Karangwa alikuja. Nilimutolea kiti, nikamuonyesha ndege kwa mukono, kama muntu anayeonyesha ngombe yake.

Aliuliza ilianza lini. Nikasema Alhamisi. Aliuliza kama imekula. Nilijibu kwamba ni Kwaresima.

Papa Karangwa hakucheka. Alisimama, akavua kofia yake, akafunika kioo. Nyamanza ilikaa juu ya ua, mudomo wazi, imechoka kabisa. Kisha ikavuka kurudi kwa Evode na kula inzi kumi na moja bila kupumua. Papa Karangwa alisema kwamba ndege yenye kuona adui mu kiwanja haiwezi kukibariki, na kwamba niondoe kile kioo nisimuue mutoto wa watu. Atarudi Siku ya Matawi baada ya misa, mara ya mwisho. Kama siku ile haijakula, kuna wengine wanaobisha mulango wake, atawafungulia.

Wengine! Nilitazama kwa Evode. Alikuwa anakamua ngombe na kupiga muluzi.

Sikulala vizuri. Bila Emérita nitapima bireti hadi nizeeke, na nani atacheka?

Ijumaa, tarehe 26

Dada yangu Godelieve amefika kutoka Kashebere na ndizi na samaki wa kukauka. Amepika leo, nimekula kama muntu.

Evode amekuja mara tatu. Mara ya kwanza kuomba moto. Mara ya pili kusema moto uliwaka vizuri. Mara ya tatu kuuliza kama sisi pia tumesikia mvua. Tumesikia mvua! Iko chini ya paa lilelile la mbingu! Ni upelelezi. Na Godelieve anamupa ndizi zangu, tena zile kubwa, na kusimama naye kwenye ua. Nimemukataza kusema mambo ya mashauri yangu.

Godelieve anasema kiwanja changu ni haya kwa ukoo wetu. Nilimuonyesha mupaka, vijiti, kaye. Alicheka sana. Wanawake hawaelewi kazi ya kutazama.

Shauri mupya: muluzi. Papa Karangwa alikataza kuita. Mimi siiti. Ninakaa mulangoni na kuimba wimbo wa nyamanza kwa furaha yangu mwenyewe. Kama nyamanza inasikia, mimi nifanye nini?

Jumatano, tarehe 31

Ngombe za Evode ndani ya kiwanja changu! Zote mbili! Zimevunja ua, zimekanyaga vijiti vyangu, zinakula majani yangu kama ya mama yao. Nilizifukuza kwa kaye. Evode alikuja polepole sana, akasema kamba ilikatika.

Ijumaa, tarehe 2 mwezi wa ine

Jana tena. Leo tena! Kamba gani inakatika kila alfajiri? Majani yangu mazuri yamekwisha. Kiwanja ni udongo mutupu, nyayo, na mavi kila pahali. Kisha, kwa kuniudhi zaidi, Mama Thacienne aliingia na fagio lake na kufagia, ati anasaidiana na Godelieve.

Nilimupelekea kapita, mukubwa wa kijiji, mashitaka. Nimeandika kurasa mbili. Kapita alisoma, akauliza ngombe zilikula maharagwe yangu? Hapana. Mahindi? Hapana. Zilikula nini? Majani. Majani ya kulimwa? Majani tu. Kapita aliuliza kama nimemushukuru Evode kwa kunifyekea. Watu wote wa barazani walicheka. Nilitoka na heshima yangu, yaani sikukimbia.

Siku tisa zimebaki. Evode ameshinda. Sina majani, sina kioo, sina kitu. Muluzi tu.

Jumanne, tarehe 6

NYAMANZA IMEKULA!

Ninaandika kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nyamanza mbili kiwanjani kwangu. Si zile za Evode: hizi ni changa, mukia mufupi kidogo. Nafikiri yule mugeni wa muto amepata muke.

Saa kumi na mbili na nusu. Mume wangu (wa ndege) amekimbia kwenye udongo, miguu haionekani kwa mbio. Inzi imekaa kwenye mavi. Mudomo umefunguka. Mudomo umefunga. Inzi haiko tena.

Saa moja. Mume wa Evode amekuja kwa hasira. Vita mupakani, kifua kwa kifua, hadi manyoya yakaanguka. Kisha kila mumoja amerudi kwake na kuimba juu ya paa lake. Nimekusanya manyoya. Yetu yalikuwa machache.

Ni muluzi! Siku kumi na moja nimeimba hadi midomo ikapasuka, na sasa njo hii! Nilimwambia Godelieve. Alisema labda ni kwa sababu kiwanja kiko wazi, ndege inaona pa kukimbilia na inzi hazijifichi. Nilimuonea huruma.

Lakini sasa niko na woga kuliko mbele. Kula leo si kula Siku ya Matawi. Na hawa wawili wanapigana asubuhi yote. Kama wanapigana saa ile, nani atakula?

Siku ya Matawi, tarehe 11

Nilijua! Nilijua!

Papa Karangwa alikuja na tawi lake mukononi, Emérita nyuma yake, kisha Mama Thacienne, kisha Evode, kisha watu wengine ambao hakuna aliyewaita. Walikaa. Nyamanza zote mbili zilikuwa kiwanjani. Mume alitikisa mukia, akaona inzi, akachuchumaa.

Mume wa Evode akashuka kutoka juu. Vita! Walizunguka paa, wakapita juu ya kichwa cha Papa Karangwa, wakashuka hadi mutoni wakilia. Tukatazama kiwanja. Kitupu. Muke pia hakuonekana.

Tulingoja. Papa Karangwa alivuta kiko kizima hadi kikaisha. Emérita alikuwa anavunja tawi lake vipandevipande, na hakuwa anacheka hata kidogo. Pale njo niliona kwamba na yeye iko na woga. Moyo wangu uliuma na kufurahi mara moja.

Papa Karangwa aligonga kiko chini. Akasimama. Akavaa kofia.

Na nyuma ya kiti chake, pale alipokuwa amekaa muda wote, akatokea muke wa nyamanza. Hakuwa ameenda popote. Wanaume wanapigana, yeye anakula, nilikwisha kuandika hivyo mwanzoni! Alitembea polepole hadi kwenye kiatu cha Papa Karangwa, akatazama, akatoa inzi juu ya kamba ya kiatu, akameza. Kisha akachukua ya pili.

Papa Karangwa hakusogeza muguu. Aliongea chini sana, kama muntu ndani ya kanisa.

"Imekula."

Mama Thacienne alipiga vigelegele. Emérita alikaa chini palepale na kucheka na kulia. Evode alinikumbatia kwa nguvu, akaniinua juu kwa ile miguu yake mirefu, na nikafikiri: muntu anaweza kushindwa vizuri. Hata nilimusamehe mambo ya majani.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 19

Karamu kwangu. Kasikisi, pombe ya ndizi, mitungi miwili, ndizi zimekamuliwa na Godelieve mwenyewe. Papa Karangwa alisema sasa tunaweza kuzungumza ngombe. Anataka mbili, mbele ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mwezi wa nane. Sina hata ndama. Lakini nilisema ndiyo, nitatafuta shauri.

Kisha Evode alisimama. Alisema mbele ya wote kwamba anamutaka dada yangu Godelieve, tangu Noeli, na kwamba atatoa ngombe zake zote mbili. Godelieve alitazama chini, lakini niliona hakushangaa.

Godelieve! Si Emérita! Moto, mvua, ndizi, yote ilikuwa Godelieve! Nilitaka kumukumbatia. Na ngombe mbili! Zinatoka kwa Evode, zinapita kwangu, zinaenda kwa Papa Karangwa. Hazitembei hata nusu saa. Nilifungua mudomo kusema ndiyo, kama kaka anayemusemea dada yake.

Lakini Evode, kwa furaha, aliongeza neno. Alisema zile ngombe zinanijua tayari, maana yeye njo alizifungulia kuingia kwangu alfajiri tatu. Alikuwa ananionea huruma. Aliona nyamanza haiwezi kutembea kwenye majani marefu, na hakutaka kuniambia, asinitie haya.

Watu wote walicheka, na Emérita kuliko wote. Alikuwa anajua! Wote walikuwa wanajua! Na muluzi wangu? Siku kumi na moja za muluzi?

Damu ilinipanda. Nikasimama, nikasema kwamba sisi watu wa pori pia tuko na desturi. Kwetu binti hatoki bila hondohondo, yule ndege mukubwa wa mudomo kama jembe, kula kwenye kiwanja cha bwana-arusi. Kupita juu, hapana. Kusimama, hapana. Ale. Nilisema ni desturi ya babu wa babu yangu, na nilinyoosha kidole juu.

Godelieve alisema haijawahi kusikika. Nikasema yeye ni kijana.

Nilifikiri Papa Karangwa atapinga. Aliweka mutungi chini, akanishika mukono na mikono yake miwili, macho yamejaa machozi. Alisema hakujua kwamba watu wa pori wanaheshimu ndege namna hii. Alisema desturi haiguswi, na kwamba yeye mwenyewe atakuja kwa Evode kushuhudia. Mama Thacienne alisema amina. Evode aliuliza kwa heshima hondohondo inakula nini.

Emérita aliniita nyuma ya nyumba. Aliuliza polepole kama hondohondo imekwisha kuonekana Masisi hata siku moja. Nilimujibu bado. Aliuliza kama ngombe za Evode zinaweza kutoka mbele ya hondohondo kula. Nilijibu hapana, desturi ni desturi. Aliuliza basi ngombe za baba yake zitatoka wapi. Hapo nilihitaji kukaa kidogo.

Lakini muntu mwenye akili hakosi shauri. Alfajiri ninaondoka kwenda Itebero. Ni siku tatu kwa miguu, labda ine. Kule hondohondo ziko nyingi, zinapita juu ya pori asubuhi na kelele ya mabawa. Godelieve amekataa kunifungia chakula, nimejifungia mwenyewe. Ninahitaji moja tu, ya kuja kula mara moja na kurudi kwao. Kati ya zote zile, moja itakubali.